Mguu Usiookoka

Fundi wa nguo wa pale Kitale hushona na pini mdomoni, na kupitia pini hizo hizo huwasema walevi, wacheza disko na yeyote anayetikisa mabega kanisani. Mguu wake, lakini, haujaokoka: hukanyaga cherehani mara tatu upesi, moja nzito, mpaka wateja wanajikuta wakiitikia kwa vidole mezani. Krismasi ya themanini na saba, shangazi yake, ambaye kwa lugha ya kwao humwita Senge, alitoka Kamukuywa kuja kushonewa gauni. Cherehani ilipoanza, mabega ya ajuza yakaanza nayo.

"Huo mguu ni wa baba yako."

"Baba alikuwa shemasi, Senge!"

"Hiyo ni baadaye. Kwanza alikuwa anapiga litungu, lile zeze letu, kwa vilabu vya pombe. Alipookoka akakata nyuzi zote. Ile bakuli ya mbao mlikuwa mnalishia kuku, ati mlidhani ni ya nini?"

Fundi akatema pini, heshima ambayo hata pasta hajawahi kupewa. Akajaribu kukanyaga polepole, kama wimbo wa maziko. Mshono ukaenda kombo. Akaufumua, akashona tena, ukapinda tena. Akachungulia barabarani, kulia na kushoto.

"Senge," akanong'ona, "hebu funga mlango."