Aleji Yangu Nimeiacha Nyumbani

Saa mbili na robo asubuhi, dirisha la dawa la kituo cha afya linafunguliwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, mwanamke aliyezoea kuketi nyuma yake amesimama. Kiti amemwachia mrithi wake, bwana mpole mwenye miwani. Yeye ameegemea rafu ya dawa za kikohozi, mikono ameikunja, midomo ameibana.

Wagonjwa wanamwita Mama Aleji. Zimebaki siku tisa astaafu, na leo amekubaliana na mrithi wake kwamba hatatia neno, litokee la kutokea.

"Kunyamaza nimekubali mwenyewe," anamnong'oneza mwandishi wa habari hii. "Lakini ulimi unaniwasha tangu alfajiri."

Mgonjwa wa nne ni fundi uashi, viatu vimeganda saruji, mkono mmoja umeshika tumbo. Anapitisha cheti dirishani. Tabibu mgeni amemwandikia vidonge vya salfa. Mrithi anachukua pakiti rafuni, kisha anauliza swali ambalo hapa huulizwa kila mtu.

"Fundi, una aleji ya dawa yoyote?"

"Ninayo," fundi anajibu. "Ila nimeiacha nyumbani."

Foleni inaangua kicheko. "Umeifungia mlango lakini?" mtu wa nyuma anapaza sauti. "Isije ikaibwa!" Mrithi naye anacheka mpaka miwani inamshuka puani. Pakiti bado iko mkononi mwake.

Mama Aleji hacheki. Amejiziba mdomo kwa kiganja.

Jibu hilo alilisikia mara ya kwanza miaka kumi na moja iliyopita, kutoka kwa fundi cherehani mmoja, mama wa makamo aliyekuja na cheti cha salfa hiyohiyo. Naye alisema anayo, ila ameiacha nyumbani.

"Nilicheka kama hawa," anasimulia. "Nikasema moyoni, huyu anadhani aleji ni kitambulisho. Nikampa vidonge vyake, nikamwambia ugua pole."

Siku ya saba mama yule alirudishwa amebebwa. Midomo ilikuwa imechubuka, mwili umejaa malengelenge, na ngozi ya mgongo ikibanduka kila alipoguswa. Alilazwa wiki sita. Alipona, ingawa mpaka leo macho yanamsumbua na kutunga uzi kwenye sindano ni kazi ya kuombea msaada.

Alipokuwa wodini, binti yake alileta karatasi aliyoikuta chini ya sanduku la nguo. Ilitoka hospitali nyingine, ya miaka mingi nyuma, na ilikuwa imeandikwa: asipewe salfa.

"Hakukosea hata neno moja," anasema Mama Aleji. "Aleji yake kweli ilikuwa nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa na masikio ya mapambo." Machozi yanamlenga, naye anayafuta kwa hasira.

Tangu hapo hakubishana tena na wagonjwa kuhusu neno hilo. Kama aleji ni kitu cha kuwekwa nyumbani, alisema, basi nitawapa. Alianza kukata maboksi matupu ya dawa, akaandika kwa wino mzito jina la dawa na neno ASIPEWE, akatoboa tundu na kupitisha kamba. Mpaka sasa ametoa kadi mia tatu na kumi na mbili, na wino hununua mwenyewe. Mtu aliyepoteza yake huja kuomba aleji mpya. Mzee mmoja aliomba na ya mkewe, asiye na aleji yoyote, iwe akiba.

Ya fundi uashi ni kadi namba mia mbili na saba, na ndiyo iliyookoa ndoa yake.

Salfa haikumtoa malengelenge. Ilimwachia doa moja jeusi la mviringo kwenye mdomo wa chini, kila mara palepale. Doa la kwanza mkewe aliliona, akaendelea kupika. La pili akauliza. La tatu akafunga virago na kuitisha kikao cha pande zote mbili.

"Rangi ya mdomo haikai wiki tatu, mama mkwe," fundi alijitetea.

"Na wewe umejuaje inakaa muda gani?" mama mkwe alimuuliza.

Akiwa mbioni kutafuta mafuta ya kufuta doa, fundi alifika kwenye dirisha hili. Mama Aleji alimuuliza alimeza nini, akafungua daftari la dawa, akahesabu: madoa matatu, salfa mara tatu. Jioni hiyo alikwenda mwenyewe kikaoni na kuweka kadi hiyo na pakiti ya vidonge mezani.

"Hawara mwenyewe ni huyu hapa," aliwaambia. "Mara tatu amebusu. Ya nne anaweza kumvua ngozi."

Leo, cheti cha mara ya nne kimeshafika dirishani.

Kicheko kinaisha. Mrithi anapandisha miwani, anaitazama pakiti, anautazama mdomo wa fundi. Kisa cha fundi cherehani alisimuliwa Jumatatu. Taratibu anairudisha pakiti rafuni.

"Basi kaifuate," anasema. "Nakusubiri."

Foleni inaguna. Fundi anamwonyesha kidole Mama Aleji. "Lakini mama huyu ananijua!"

Mama Aleji anatazama dari.

"Baada ya siku tisa mama hayupo," mrithi anamjibu. "Mimi nitakijua kile kipande cha boksi tu."

Fundi hajafika mlangoni anapogongana na mkewe, anayehema, kadi ikining'inia shingoni.

"Nilijua tu!" mke anafoka. "Simu husahau, kofia husahau, aleji ndiyo unaisahau! Unataka ukabusiwe tena?"

Mrithi anaisoma kadi, anaikata salfa kwenye cheti kwa mstari mrefu na kumwambia fundi amrudie tabibu ambadilishie dawa. Fundi anaondoka akikokotwa mkono kama mzigo wa sokoni.

Ndipo Mama Aleji anapokiondoa kiganja mdomoni. "Sijasema neno," anatangaza. "Mmeshuhudia wote."

Uongozi wa kituo umemwahidi kuchapisha kadi rasmi. Wakati wanaendelea kuahidi, yeye anakata maboksi, ili mrithi asianze na mikono mitupu. Baada ya hapo anapanga kupumzika miezi miwili, kisha arudi.

"Nitapanga foleni kama watu wengine, nimejifunika asinitambue," anasema, akimtupia jicho bwana mwenye miwani. "Akiniuliza, nitamwambia ninayo, nimeiacha nyumbani. Akicheka nitamsamehe, maana hata mimi nilicheka. Lakini akinipa dawa, anyanyuke. Kiti ni changu."