Maumivu Yaliponyamaza

Kila asubuhi, kabla pasi haijapata moto, alizungusha bega la kulia mara tatu, kisha akalipaka dawa ya kuchua. Miaka kumi na tisa alikuwa akinyoosha mashuka na makoti ya watu kwenye chumba cha dobi, na wenzake wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Bega likiuma, lawama zote kwa pasi. Akahamia mkono wa kushoto, maumivu hayakuhama. Yalianzia chini ya mbavu za kulia, yakapanda mgongoni mpaka begani, hasa akishakula vya mafuta.

"Ni hii pasi tu," alisema.

"Pasi gani inamtapisha mtu?" aliuliza mdogo wake, aliyefanya naye kazi meza moja.

Siku alipoanguka juu ya rundo la mashuka, mdogo wake huyo ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari alimbonyeza chini ya mbavu, akamwambia avute pumzi. Pumzi ikakatika njiani. Altrasaundi ikaonyesha mawe matatu kwenye kifuko cha nyongo.

"Nyongo ikizidiwa na mafuta huganda, kidogo kidogo, mpaka inakuwa mawe," daktari alieleza. "Dawa zitatuliza tu. Kesho tunakitoa kifuko chenyewe. Mtu anaishi vizuri bila hicho."

Asubuhi aliamka mwepesi kama unyoya. Mdogo wake akamkuta ameshavaa nguo zake.

"Dada, umesaini fomu ya upasuaji?"

"Nisaini nini? Bega limenyamaza."

"Hata mwizi hunyamaza akishaingia ndani."

Shangazi akacheka, kisha uso ukamzimika. "Nguo ikishapasuliwa, uishone utakavyo, mimi mshono nauona."

"Wewe si nguo, dada."

"Na mama je? Aliingia chumba cha upasuaji akiongea, akatolewa amefunikwa."

Mdogo mtu akamgeukia muuguzi aliyekuwa kitanda cha jirani. Muuguzi akasema, kwa upole: jiwe likiziba njia, macho yatakuwa manjano, homa itapanda, na hapo kumpasua kutakuwa na hatari zaidi kuliko leo.

"Nimesikia, mwanangu."

Akampa mdogo wake fomu, haina hata nukta ya wino. Akajifunga kitambaa kichwani, akapita katikati ya vitanda akiwapa pole wagonjwa mmoja mmoja, akatoka.

Saa nne walipokuja na machela, walimkuta mdogo wake amekaa ukingoni mwa kitanda, fomu mapajani, macho mlangoni.