Harusi Tuliyoisikia

Enzi zetu, nyinyi mliokulia na deki ya video iliyofunikwa kitambaa cha kufuma mtanielewa, kila kitu kilikuwa na mahali pake pa kuingia. Kaseti ya redio huitii kwenye deki, na mkanda wa video huutii kwenye redio. Kaseti ikilegea ulichomeka kalamu ukaizungusha mpaka utepe ukakaza, na muziki ukarudi. Kisha zikaja sidii, zote duara, zote zinang'aa, zote sawa machoni, na hapo ndipo akili zetu zilipochanganyika. Moja inaimba, nyingine inaonesha picha, nyingine ukiitia deki inanguruma, inafikiri kidogo, halafu inaitema. Mpaka leo hilo la kuitema sijalielewa sawasawa, na nina utu uzima wangu na kompyuta juu ya meza ya ofisini.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Kiponda, ghorofani, katika nyumba ambayo ngazi zake zilikuwa ndefu na za kiza hata mchana. Alasiri tukirudi chuoni na juzuu zetu kifuani, tunatupa mikoba, tunacheza nage uchochoroni mpaka mpira uingie kwa mtu na mwenye nyumba aufiche. Jioni huja harufu ya visheti vinavyokaangwa, na sauti ya Mama dirishani: "Asya!" Unajibu "Naam!" hata kama umo katikati ya kukwepa mpira. Ukijibu "Nini?" hutoki tena wiki nzima. Siku hizi ninamwita binti yangu Nasra, ananijibu kwa pua, macho hayajatoka kwenye simu, na mimi ndiye ninayeonekana mkorofi.

Basi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, dada yangu Salma akaolewa Maskati, alikokuwa akikaa kwa Ami yetu, ndugu yake Baba. Mama hakuenda. Bibi alikuwa ameanguka kwenye zile ngazi, nyonga imevunjika, na kumgeuza kitandani ilikuwa kazi ya Mama peke yake kwa sababu Bibi hakumkubali mtu mwengine. Kwa hiyo Mama akafungua sanduku lake, akatoa ukaya wake wa harusi. Ukaya ni kile kitambaa chepesi cha kujitanda kichwani, na wake ulikuwa wa kijani, una zari pembezoni, na ulinukia udi wa miaka mingi. Akampa Bi Rukia, jirani yetu aliyekuwa akienda kwenye harusi, ampelekee mwari.

"Mwambie akipenda avae," alisema Mama. "Asipopenda asivae."

Sisi tuliomjua Mama tulijua kuwa maneno ya mwisho aliyatia kwa adabu tu. Alitaka uvaliwe. Alitaka kwa roho yake yote, maana kama hayupo yeye, basi angalau kitu chake kiwepo. Lakini harusi ilipopita hakuuliza. Kwetu kitu ukishatoa hukiulizi, kukiuliza ni kama kukidai. Alichokuwa akisubiri ni video.

Bi Rukia akarudi na halua na sidii moja ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa sherehe ya wanawake, ile ya hina, na ilikuwa sidii pekee. Ijumaa asubuhi alikuwa anasafiri nayo kwenda Pemba kwa jamaa za bwana harusi, nao wakaione. Tukaitia kwenye deki. Deki ikanguruma, ikafikiri, ikaitema. Baba akaifuta kwa ncha ya shati. Ikatemwa.

"Mshajaribu upande wa pili?" aliuliza Mama Mkubwa Zuwena, dada yake Mama, ambaye alikuwa mkuu wa kila jambo katika nyumba ile.

Baba alijua kuwa sidii si kaseti, lakini shemeji ni shemeji. Akaigeuza. Deki ikaitema kwa haraka zaidi.

Alkhamisi Mama Mkubwa akanishika mkono tukateremka kwa Kaka Nassor, kijana wa mtaani aliyekuwa na duka la kupiga chapa na kuchoma sidii, chini ya nyumba yetu. Akaitia sidii kwenye kompyuta, akasoma jina la faili na mkia wake wa herufi tatu, akatikisa kichwa.

"Hii si ya deki, Bi Zuwena. Hili faili la kompyuta. Lazima ligeuzwe liwe namna nyengine, halafu nikuchomeeni sidii mpya."

"Ligeuze basi."

"Kuligeuza mpaka nilifungue."

"Ukilifungua utaona nini?"

"Si ndo harusi yenyewe."

"Harusi ya wanawake!" Mama Mkubwa alisimama. "Vichwa wazi, mikono wazi, halafu ulifungue weye, mwanamme, hapa uchochoroni?"

Kaka Nassor aliinamisha macho kama aliyekwisha kuona, na maskini hakuwa ameona kitu. Hatukuweza pia kukaa pale dukani tukaitazama wenyewe, mlango uko wazi, wanaume wanaingia na kutoka, na Bibi yuko juu hawezi kushuka. Ikaamuliwa hivi: Kaka Nassor atakaa nje barazani, mgongo kwetu, aseme cha kufanya. Mimi, niliyejua kompyuta kwa sababu niliwahi kuchora nyumba kwenye kompyuta ya skuli, nitabonyeza. Mama Mkubwa atalinda.

"Bonyeza pale palipoandikwa 'Open'," alisema Kaka Nassor akiuambia uchochoro.

Nikabonyeza. Pembeni pakatokea kijipicha, na ndani yake mkono wenye hina. Nikaona mkono tu, maana hapo hapo Mama Mkubwa alivua kanga yake ya juu akaifunika kompyuta nzima.

"Na weye usitazame," aliniambia. "Wa kwanza kumuona ni mama yake."

Ikawa ninaongozwa na mtu asiyeona kompyuta, kubonyeza kitu nisichokiona. Niliruhusiwa kuinua ncha ya kanga, upana wa vidole, chini kulia, palipo na vitufe. Nikabonyeza cha kuanzia. Kompyuta ikaanza kuvuma. Halafu ikanyamaza. Tukasubiri. Jina la kanga ile nalikumbuka kwa sababu tulilisoma mchana kutwa: Subira yavuta heri.

"Imefika wapi?" Kaka Nassor aliuliza baada ya sala ya alasiri.

"Hatujui," alijibu Mama Mkubwa. "Imefunikwa."

"Hebu Asya tazama pale chini. Pana nini?"

Nikainua ncha. Palikuwa na sehemu ya kisanduku kidogo, maneno yake yako juu, chini ya mkono wa Mama Mkubwa. Kilichoonekana ni vitufe viwili, "Yes" na "No".

"Kumbe inauliza!" alisema Kaka Nassor. "Muda wote inasubiri jawabu. Inauliza nini?"

Nikajaribu kuipandisha kanga. Mama Mkubwa akaishusha.

"Yuko uchi mtu hapo?" alininong'oneza.

"Sijui, Mama Mkubwa."

"Basi bonyeza 'Yes', mwanangu, tumalize," alisema Kaka Nassor. "Ukikataa itaanza upya."

Nikakubali, kwa niaba ya familia nzima, jambo ambalo hakuna aliyelisoma. Kompyuta ikavuma tena, safari hii haraka ajabu, na sote tukafurahi. Sidii mpya ikachomwa. Mama Mkubwa akaiandika mwenyewe kwa kalamu nzito, HARUSI, WANAWAKE TU. Kisha akaamrisha kila kitu kilichoingia kwenye kompyuta ile kifutwe, na pipa la takataka la kompyuta nalo limwagwe, maana video ya wanawake hailali ndani ya kompyuta ya mwanamme. Sidii ya asili ikarudi kwa Bi Rukia, na Ijumaa asubuhi ikapanda boti.

Ijumaa alasiri Baba alitolewa nyumbani akakae barazani kwa wenzake. Madirisha yakafungwa. Wanawake walijaa sebuleni, Bibi akaletwa juu ya kiti na mito, kahawa na halua zikapita. Mama alikaa mbele kabisa, karibu na televisheni, amevaa kama anayekwenda harusini kweli.

Deki ikaikubali sidii. Haikuitema! Vigelegele vikapigwa. Kisha ikaanza ngoma, na vigelegele vya Maskati vikajibu, na kicheko cha Salma, kile cha kukata pumzi, tukakijua mara moja. Televisheni ilikuwa nyeusi tupu.

"Subirini," alisema Mama Mkubwa. "Picha iko njiani."

Tukaisubiri. Mtu akapiga televisheni ubavuni. Mwengine akachomoa waya wa njano akauchomeka tena. Picha haikufika. Taratibu watu waliacha kutazama wakaanza kusikiliza, na wengine wakaimba pamoja na wale wa ndani ya deki, na Bibi akapiga makofi kwa vidole. Kwa kitambo ilikuwa harusi nzuri. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa, sijui tuko Kiponda au Maskati.

Ndipo ngoma ikapungua, na sauti ya mwanamke tusiyemjua ikasema wazi, "Ukaya huu huvai?"

Na sauti ya Salma ikajibu, "Sivai. Uwekeni pale."

Kisha ngoma ikapanda tena.

Hakuna aliyemtazama Mama, na kila mtu alikuwa akimtazama. Yeye akanyoosha mkono akachukua kikombe chake cha kahawa.

"Wa zamani ule," alisema. "Una joto."

Nilikuwa mdogo lakini moyo uliniuma kwa ajili yake. Baada ya Magharibi Salma akapiga simu kwenye simu ya Baba. Nilikaa karibu nikasikia pande zote mbili.

"Mama, mshaiona?"

"Nshaiona, mwanangu."

"Umeona nlivyofanya na ukaya?"

"Nimeona."

"Nlifanya vibaya, Mama?"

"Hukufanya vibaya," alisema Mama, na sauti yake ilikuwa tulivu sana. "Umefanya vizuri."

Salma akaanza kulia huko Maskati, na Mama akamwambia asilie, simu inakula pesa. Sikuelewa kwa nini analia aliyekataa, na aliyekataliwa ndiye anambembeleza.

Miezi ilipita, kisanduku kile kile kikamtokea Kaka Nassor na video ya mtu mwengine, akakisoma chote. Programu ilikuwa inasema kuwa haiwezi kuzisoma picha, je, iendelee na sauti peke yake? Akapanda ngazi kuja kutuambia, tukacheka sana, hata Mama alicheka. Lakini sidii ya asili ilikwisha kuingia mikononi mwa watu huko Pemba, na kumwomba Salma nyengine ilikuwa ni kumwambia kuwa siku ile Mama hakuona kitu. Kwa hiyo hakuombwa. Alikuja mara nyingi na watoto wake, tukapika, tukacheka, na habari ya ukaya haikutajwa. Yeye alidhani Mama ameona. Mama alidhani hakuna cha kuonwa.

Mwaka huu jamaa mmoja wa Pemba alikuwa akisafisha kabati, akaiokota ile sidii. Mtoto wake akaitia mahali, akaigeuza, akaituma, na kabla Mama hajamaliza kuuliza kitu gani kimekuja, Nasra alikuwa keshaifungua kwenye simu. Hakuna kisanduku, hakuna "Yes" wala "No".

Tulikaa watatu juu ya kitanda, Mama katikati. Na picha ilikuwepo. Salma wetu, mwembamba, hina mpaka viwikoni, amekaa jukwaani, na kuliani kwake kiti kitupu kilichopambwa kwa maua kama chake. Mwanamke akaja na ukaya wa kijani.

"Ukaya huu huvai?"

"Sivai. Uwekeni pale."

Na mkono wake ukaonesha kile kiti. Wakautanda juu ya mgongo wa kiti, kama unavyotandwa mabegani mwa mtu. Salma akainuka, akaunyoosha zari upande mmoja, akakaa tena kando yake. Sherehe nzima hakukaa mtu pale.

"Lakini Bibi," alisema Nasra, "kwa nini hukumuuliza tu Mama Mkubwa Salma? Si ungemtumia ujumbe?"

Watoto hawa wana kila kitu, na kila walicho nacho kinafunguka, na wakitaka kujua wanauliza, na wanajibiwa hapo hapo. Pengine wao ndio wenye akili. Sisi tulikuwa na sebule moja, deki moja na adabu nyingi, na tuliweza kukaa miaka na neno moja kooni, tukaliita heshima. Lakini nani leo atavaa nguo ya harusi aje kuisikiliza televisheni nyeusi?

Mama aliomba irudishwe nyuma. Nasra akairudisha. Akaomba tena.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya mume wangu ukumbini.

Mama akavua kanga ya mabegani haraka akaifunika simu. Ngoma ikaendelea chini yake, na mkono wake ukabaki juu ya kanga, unaipapasa taratibu.

"Kumbe," alisema, "nami nlikuwepo."