Plasta ya Tundu la Nyuma

Mtu mzima, miaka arobaini na mbili, ana mume, ana mashine ya kudarizi ya sindano sita, halafu mtaa mzima unamwita Plasta. Hata "Mama" mbele hawaweki. Plasta tu, kama paka.

Ilianza hivi. Mteja mmoja alimletea nembo ya timu yake kwenye flashi. Flashi ikaingia na virusi vyake, na kompyuta ya nyumbani ikalala wiki mbili ikikoroma. Ilipopona, dada yetu akachukua plasta za vidonda, zile laini za plastiki, akaziba kila tundu la kompyuta lisilo na kazi. Mawili mbele, moja nyuma. Juu ya kila plasta akasaini kwa kalamu, nusu ya saini kwenye plasta, nusu kwenye bati la kompyuta, ili mtu akibandua ajulikane. Kha! Hata benki hawafiki huko.

Sasa akaja mgeni, mfanyakazi mwenza wa mumewe. Akakaa kwenye sofa, akaiangalia kompyuta, akauliza kwa huruma kabisa, "Jamani, imeumia wapi?"

Mume hakukosa nafasi. "Hiyo nzima, bwana. Mgonjwa ni Plasta mwenyewe, yuko jikoni."

Mgeni alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Kufika Jumapili, hata muuza mkaa alikuwa anajua. Dada alinuna wiki nzima, halafu akaanza kuitika, maana jina la utani ukilikataa ndiyo unalipigilia misumari.

Mume naye alikuwa na lake. Anafundisha udereva, mguu wake haubanduki kwenye breki ya mwalimu, basi wanafunzi wakambatiza Breki. Na kwenye ile sheria ya plasta, Breki ndiye alikuwa askari. Mgeni akitoa flashi mfukoni, "Nina picha za harusi, tuziangalie kwenye skrini kubwa," Breki anasimama kifua mbele. "Hapa hata mwenye nyumba haingizi!" Plasta akiyasikia hayo jikoni alikuwa anatabasamu peke yake na mwiko wake. Wengine wanapendewa sauti, wengine mwendo. Breki alipendewa hapo.

Mtauliza, kompyuta yenyewe ilikuwa na nini? Maua mia tatu na kumi na mawili. Ya mama yao, yeye na mdogo wake. Enzi zake mama alikuwa anadarizi foronya kwa mkono, na kila foronya ina ua lake, halirudiwi. Alipofariki, foronya zikaanza kuchakaa moja moja, na Plasta akakaa miaka minane akizinakili, mshono kwa mshono, ziingie kwenye kompyuta ili mashine iweze kuzishona tena. Ua la kwanza lina petali saba, na moja imepinda, kwa sababu mama alilishona huku amempakata binti mdogo, na mdogo akapiga teke. Foronya ya mwisho iliishia kufutia vioo. Kwa hiyo maua yalikuwa yanaishi kwenye kompyuta, na nakala kwenye diski ya akiba ndani ya droo. Basi. Dunia nzima hayapo kwingine.

Jumatatu moja asubuhi anafungua sehemu ya maua. Tupu. Anatoa diski kwenye droo, anachomeka. Tupu, nyeupe pe, kama sahani iliyooshwa.

Akainama kukagua plasta. Ya mbele kushoto ilikuwa imenyanyuka pembe, saini imefutika nusu. Na aliyekuwa hapo Alhamisi kumsaidia kukata nyuzi ni nani? Mdogo wake, yule yule wa teke.

Akamwita. Mdogo akaja mbio, na unga wa kazini bado uko kwenye mikono, maana anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate.

"Nilifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, dada. Vumbi tu!"

"Vumbi linafuta maua ya mama?"

"Mimi hata kuiwasha sijui! Shemeji, si umwambie?"

Breki alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Kiatu kimoja, jamani, alikifunga dakika tatu. "Mambo ya dada na mdogo wake mimi siingilii," akasema.

Mdogo akaweka mkasi mezani na kuondoka. Hakubamiza mlango. Angeubamiza ingekuwa afadhali.

Plasta akataka kumwita fundi wa kompyuta. Breki akamshika bega. "Mke wangu, kilichofutwa kimefutwa. Fundi atakupotezea muda tu. Mwenye nyumba ya wageni anataka foronya arobaini alizoagiza. Chora upya, mkono wako si unakumbuka?"

Basi akachora. Siku nane, asubuhi mpaka jioni, analia na kuchora, anachora na kulia, na kila ua anahifadhi mahali pale pale. Breki anamletea chai. Mpaka mto wa kuegemea mgongo alimletea. Majirani wakasema huyo ndiye mume.

Siku ya tisa akahamisha ua kwenye flashi yake, akapeleka kwenye mashine ya kudarizi. Mashine ikagoma: hakuna kitu. Akarudisha kwenye kompyuta, akaona ua limegeuka kialama chenye mshale mdogo. Hapo hakumuuliza mtu. Akampigia fundi.

Fundi ni binti mmoja mwembamba anayechomeka bisibisi kwenye nywele kama chanuo. Aliangalia mshale, akaguna. "Mama, hiki kirusi cha flashi. Kinaficha mafaili, kinaweka mishale badala yake. Ila hakifuti. Ningeyafichua kwa dakika kumi." Akaendelea kubofya. "Hivi hapa nani alipiga fomati?"

"Fomati ndiyo nini?"

"Kusafisha sehemu yote ya kuwekea mafaili. Imepigwa hapa na kwenye ya akiba, siku moja. Jumamosi, saa nne asubuhi."

Jumamosi saa nne Plasta huwa sokoni kununua nyuzi. Mdogo wake huwa kwenye zamu ya mikate.

Fundi akaivuta kompyuta kutoka ukutani, akakuta plasta ya tundu la nyuma. Ilikuwa ya kitambaa, ya kahawia, yenye vitundu vya hewa, na juu yake saini imeigwa vizuri kabisa. Plasta zake yeye ni za plastiki. Za kitambaa zinakaa kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, ndani ya gari la mafunzo.

Breki akarudi saa kumi, anapiga mluzi. Akaikuta plasta imewekwa juu ya sahani yake.

"Nilitaka nyimbo za kwenye gari," akasema, bado amesimama. "Mwanafunzi alikuwa nazo kwenye flashi. Mara mafaili yote yakawa mishale. Nikaleta ya akiba nirudishie, nayo ikawa mishale. Jamaa mmoja kazini akaniambia piga fomati, inarudi kama mpya."

"Ikarudi?"

"Ikarudi mpya. Tupu."

Fundi akakohoa, halafu akasema lile ambalo angeweza kulimeza. "Hata baada ya fomati yangerudi, baba. Mafaili yanabaki chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwenye diski ya akiba nimeokoa thelathini na tisa, mengine nakala zilikuwa zimeharibika tangu zamani. Huku kwenye kompyuta, siku nane zote, kila ua jipya lilikaa juu ya la zamani."

Plasta akaisukuma sahani kando. "Kwa hiyo nilikuwa nayafuta mwenyewe. Na wewe unaniletea chai."

"Niliogopa, mke wangu."

"Uliniogopa mimi. Kuniona namfukuza mdogo wangu hukuogopa?"

Breki akatazama viatu. Vilikuwa vimefungwa vizuri sana.

Mume hakumfukuza, msianze. Chakula anapakua, salamu anaitikia. Ila sahani yake inawekwa mezani bila neno, na akisema mbele ya wageni ile yake ya "hata mwenye nyumba," mke anatoka nje. Ameacha kuisema.

Plasta alikwenda kwa mdogo wake kwa miguu, akasimama mlangoni. "Nimekuja kuomba radhi."

"Umeleta plasta?" mdogo akauliza. Wakacheka, halafu hawakucheka tena kwa muda mrefu.

Fundi alisafisha virusi, akazima ule utaratibu wa flashi kujifungua yenyewe ikichomekwa, akaweka programu ya kukagua kila kinachoingia. "Plasta inazuia vumbi tu, mama," alisema. Diski ya akiba sasa inakaa kwa mdogo mtu, ndani ya kopo la biskuti, na anayejua kopo lipi ni hao wawili.

Ua la kwanza halikurudi. Juzi walikaa kulichora upya, wakafika kwenye petali iliyopinda. Mmoja anasema ilipindia kushoto, mwingine anaapa ni kulia, na mtu wa kuwaamua hayupo. Wameiacha karatasi hivyo hivyo, petali sita na pengo.

Haya, na nyie huko mnaocheka chini chini: flashi ya nani iliwahi kuwalia mafaili, na nani alijua akanyamaza? Andikeni hapo chini. Na akina Breki pia waandike, tuwaone.