Rangi Moja ya Kuishinda Mashine

Saa tisa alasiri, Jumapili. Mezani umetandazwa mfuko wa nailoni uliopasuliwa, na juu yake zimepangwa chupa tano ndogo za rangi, vikombe vya plastiki, glavu nyembamba, vijiti vya mbao na fremu mbili ndogo zilizowambwa kitambaa cheupe. Mwanamke wa miaka hamsini na minne anasoma karatasi ya maelezo kwa mara ya tatu, miwani ikiwa imemshukia puani.

"Mimina rangi moja juu ya nyingine ndani ya kikombe," anasoma kwa sauti. "Usikoroge."

"Usikoroge," anarudia dada yake mkubwa kutoka kwenye cherehani. "Umesikia? Maana wewe nakujua."

Anamimina nyeupe. Anafuatisha bluu, njano, nyekundu, kijani, taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Kwenye karatasi pamechorwa kijiti kilichokatwa kwa mstari mwekundu. Ameuona. Ananyanyua kikombe, anakitazama, na kabla hajajua anafanya nini, kijiti kimo ndani na mkono unazunguka: chini kwanza, kisha pembeni, kisha katikati.

Anapogutuka, kikombe kina rangi moja tu.

"Nilijiambia usikoroge, usikoroge," anasema baadaye. "Mkono ukakataa amri."

Dada yake anainuka, anachungulia, anacheka mpaka anashika mbavu. "Mdogo wangu! Umepewa mchezo wa watoto, umetengeneza rangi ya ukuta!"

Yeye hacheki. Amekaa na kikombe chake mkononi, na machozi yanamlengalenga.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi, wateja humwita Jicho. Wengi wao hawajui kama ana jina jingine. Kwa miaka ishirini na saba kazi yake imekuwa kuchanganya rangi kwa mkono. Mteja analeta kipande cha plasta kilichobanduka, au anaonyesha tu gauni alilovaa, na Jicho anakaa nyuma ya duka na makopo yake, tone hapa, tone pale. Ikikaribia, anapaka kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba, anapuliza ikauke, kisha anatoka nayo mlangoni kuitazama juani.

Siku nzuri alikuwa akitoa ndoo kumi na mbili. Anakumbuka tatu tu zilizowahi kurudishwa, na mpaka leo anaweza kukuonyesha nyumba zilikotoka.

Sharti kubwa la kazi ni kwamba usionekane mchirizi. "Bosi wa kwanza, baba wa huyu wa sasa, alikuwa anatumbukiza kijiti kwenye ndoo na kukinyanyua," anasimulia. "Akiona mchirizi mmoja tu, unaanza upya. Mwaka wa kwanza nililia mpaka nikazoea."

Miezi mitatu iliyopita dukani iliingia mashine, kubwa kama kabati la nguo. Ilikuja na kifaa cha kusomea rangi kinachoenea kiganjani. Unakibandika juu ya kitu, kinalia mara moja, na mashine inadondosha rangi kwenye kopo, inalitikisa, basi. Dakika nne. Jicho huchukua arobaini.

Bosi hakumzungusha. Alimwita na kumwambia kwamba mwisho wa mwezi huu ndio mwisho wake. Jicho alifiwa na mume miaka tisa iliyopita. Mshahara wake ndio unaolipia vyumba viwili anavyoishi na dada yake, ambaye kuona kwake kumepungua kiasi kwamba siku hizi hashoni nguo mpya, anatia viraka tu. Habari ile ilimkata maini.

"Nilimwambia, bosi, hiyo mashine inajua namba, haijui rangi," anasema. "Akanijibu, mama, tusibishane. Niletee rangi moja tu itakayoishinda. Moja. Ukiileta, huondoki hapa."

Tangu siku hiyo hakwenda kazini mikono mitupu. Alibeba plasta ya ukuta uliopigwa jua miaka na miaka. Alibeba mkono wa shati lililochujuka, ganda la yai, kigae, bonge la udongo mkavu, na siku moja sufuria ya dada yake, ambayo ilizua ugomvi nyumbani kwa sababu ilikuwa ndiyo ya kupikia. Mashine ilizipata zote. Kila mara alipaka rangi ya mashine kwenye ukucha, akatoka mlangoni kuilinganisha, akarudi na neno lile lile: "Ndiyo."

Kwa nini hakusema siyo? Aliyepewa kuamua ni yeye, na dukani hapana mwenye jicho la kumpinga.

"Ningejipinga mwenyewe," anasema.

Ijumaa ya kabla ya wiki yake ya mwisho, wenzake walimkusanyikia kaunta na bosi akamkabidhi boksi lililofungwa utepe. Lilikuwa ni moja ya yale yanayouzwa hapo hapo dukani, karibu na mlango, na kibandiko cha bei kilikuwa kimebanduliwa nusu. Juu liliandikwa kwamba ni la kujifunza sanaa ya kumimina rangi, kwa umri wa miaka minane na kuendelea. Watu walipiga makofi. Bosi alisema labda atapata cha kujishughulisha, pengine hata picha za kuuza.

Hakuwa na nia mbaya, na Jicho analijua hilo. Lakini lilimchoma. "Mtu unamtoa kwenye rangi," anasema, "halafu unampa rangi akacheze."

Ndiyo maana Jumapili ile, kikombe kilipogeuka rangi moja, alilia. Hata mchezo wa mtoto wa miaka minane ulikuwa umemshinda.

Hata hivyo, tangu azaliwe hajawahi kumwaga rangi. Alijikaza, akaimimina juu ya fremu ya kwanza na kuisawazisha. Ilitulia kama ukuta, kama dada yake alivyosema. Ndipo alipoacha kupangusa macho akaanza kutazama. Haikuwa kahawia, wala kijivu. Ukiinamisha kichwa ilikuwa na ukijani kwa mbali, ukikinyanyua ulitoweka. Alitafuta jina lake kichwani, akakosa.

"Dada," aliita. "Hii sijawahi kuiona."

"Si umeitengeneza mwenyewe sasa hivi?"

"Sijawahi kuiona. Na kama mimi sijaiona, mashine imeionea wapi?"

Dada yake aling'ang'ania kwamba fremu ya pili isiachwe. Safari hii alikusanya vijiti vyote akavikalia. Jicho alimimina rangi zilizobaki, akafunika fremu juu ya kikombe, akavigeuza kwa pamoja, akanyanyua kikombe na kuinamisha fremu huku na huku. Rangi zilitambaa, zikakumbatiana bila kuchanganyika, zikafanya mawimbi na vijicho vidogo vya bluu ndani ya njano. Ilifanana kabisa na picha ya kwenye boksi.

Dada yake alipiga kigelegele. "Peleka hii! Mashine itashikwa na kichaa!"

Jicho aliitazama sana. Kilichopendeza machoni mwa dada yake, machoni mwake kilikuwa michirizi mitupu. "Ndoo hii ingerudishwa," alisema.

"Ipeleke hivyo hivyo."

"Hii si rangi, dada. Ni rangi tano. Aliniambia rangi moja. Nikienda nayo nitakuwa nimedanganya."

"Basi danganya!" dada yake alifoka. "Danganya mara moja maishani mwako! Tutakula hiyo haki yako?"

Jicho alikwenda kunawa mikono, na jioni ile hawakusemeshana tena.

Sasa ni Jumamosi, saa nne asubuhi, siku yake ya mwisho dukani. Kuna foleni ya watu watatu. Jicho anafungua kitambaa alichoviringishia fremu ya kwanza, anaiweka kaunta, anasimama kando huku ameshikana mikono.

"Ya mwisho, bosi."

"Sawa, mama."

Kifaa kinabandikwa. Kinalia mara moja. Mashine inanguruma, inadondosha, inatikisa. Bosi mwenyewe anafungua kopo na kumsogezea, na ukimtazama usoni utadhani ni mtu anayeomba ashindwe yeye mwenyewe.

Jicho anachovya, anapaka ukucha, anapuliza. Anatoka mlangoni. Anaweka kidole gumba juu ya fremu, juani, anainamisha kichwa. Anageuka upande wa pili, anainamisha tena. Mteja mmoja anaulizia misumari na hakuna anayemjibu.

Anarudi ndani.

"Ndiyo," anasema.

Bosi anatazama sakafu, kisha anasema kopo lile ni lake, achukue, asilipe kitu.

Atalifanyia nini? Vyumba vyao viwili havijawahi kupakwa rangi, miaka yote saruji tupu, kwa sababu mchana kutwa alikuwa akipaka kuta za wengine kichwani mwake na jioni hakutaka tena kuiona rangi. "Dada anashona ameukodolea ukuta wa saruji," anasema. "Jumatatu nitampakia ule mmoja. Kopo hili linautosha. Labda atanisamehe."

Na baada ya Jumatatu?

"Jumanne siioni," anasema. "Nikikwambia naiona nitakuwa nakudanganya na wewe."

Anavuta kigoda chake cha nyuma ya duka, anakaa, analiweka kopo katikati ya miguu na kuchukua kijiti. Chini kwanza, kisha pembeni, kisha katikati. Ananyanyua kijiti, anatafuta mchirizi. Hakuna hata mmoja.

"Imeshatikiswa hiyo, mama," bosi anamwambia kwa upole.

"Najua, bosi," anajibu, na anaendelea kukoroga.