Maua Yaliyosogezwa

Apeni kwanza kwamba hamtamwambia mtu. Mimi nami niliapa, lakini kiapo changu hakikufika hata Tononoka.

Nilikuwa kwenye duka moja la kuchapisha leso, Mji wa Kale, Mombasa. Mama aliyefiwa na bintiye alisimama kaunta, buibui limemlegea mabegani.

"Maua haya ni ya mwanangu," akasema. "Aliyachora kitandani, yuwaumwa. Ndiyo yaliyobaki yake."

"Bi mkubwa, ni uchungu huo," akamjibu shoga wa marehemu, aliyeyaleta yachapishwe kwa jina lake. "Wallahi yametoka kichwani mwangu."

Nikamwamini. Mwenye kuapa haraka huwa namwamini, ndiyo maana nimeolewa mara tatu.

Fundi wa duka alikuwa akiikodolea macho kompyuta yenye mchoro huo. Alisema ua lililokatika ukingo wa kulia sharti nusu yake ya pili ianzie ukingo wa kushoto, ndipo mchoro ujirudie leso nzima bila kuonyesha mshono. Maua haya hayakukutana, palikuwa na ufa mweupe. Akayakamata yote pamoja kwa kipanya ayasogeze yalingane.

"Usiguse!" shoga akamdaka mkono.

Maua yalikwisha kusogea. Chini yake ikabaki picha iliyofungwa isitikisike, ile ambayo shoga alifuatisha mistari yake: karatasi juu ya shuka la hospitali, imeshikwa na vidole vyembamba vilivyofifia hina.

Mama akagusa kioo cha kompyuta taratibu. "Huo mkono wa mwanangu."

Duka zima likamgeukia shoga, naye bado amemshika fundi mkono.