Tambi za Chumvi

Mchuzi wa soya ukigusa karai la moto hutoa harufu ya kuungua na ya chumvi kwa pamoja. Popote niipatapo, namkumbuka bibi yangu mzaa mama, na siku baba alipotupeleka hoteli ya Wachina.

Miaka hiyo ya tisini sisi tulikaa ghorofani Ganjoni, naye bibi alikaa peke yake Kibokoni, Mji wa Kale, katika nyumba yenye ngazi za kupanda kama ukuta. Alikuwa ameshaanguka kwenye ngazi hizo, na mama hakuwa akilala vyema kwa kumuwaza. Baba alimwomba ahamie kwetu, akakataa.

"Mimi na mkwe wangu hatujapata kula meza moja," alisema. "Tutakaaje nyumba moja?"

Na kweli, tangu harusi, baba akimkuta anakula, bibi husukuma sahani na kujifunika buibui. Ndiyo heshima ya ukwe aliyolelewa nayo. Mimi niliiona mchezo wa kujificha tu. Nilimtaka kwetu kwa moyo wangu wote, maana hakuna aliyejua kunisuka bila kuniliza ila yeye.

Basi Wachina wakafungua kihoteli karibu nasi. Baba akauliza wanapika nini, akaambiwa tambi. Hakuuliza zaidi, ila habari ya nyama, akahakikishiwa kuwa mchinjaji ni Mdigo, tena mtu wa swala tano. Sasa nanyi mnajua, kwetu tambi ni tambi: sukari, iliki na zabibu. Bibi alizipenda kuliko biriani. Baba akaona njia ya kumketisha naye meza moja imepatikana, akajigamba wiki nzima. Bibi alikubali kuja kwa sababu nililia.

Tulianza kwa vidonge vya unga vilivyotiwa nyama ndani, laini, vimepikwa kwa mvuke. "Sambusa hizi wamesahau kuzikaanga," bibi alininong'oneza nyuma ya buibui lake, asiguse kitu.

Kisha zikaja tambi. Zilikuwa nyeusi, zina vitunguu, karoti na vipande vya kuku. Baba alizitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Akaagiza sukari. Mhudumu, akidhani ni ya chai, akaleta bakuli zima, na baba akaimimina juu ya tambi huku jasho likimtoka. Watu wa meza ya pili wakacheka. Nilionja, sijapata kula kitu kibaya kama kile. Mama aliinamisha uso. Baba aliendelea kuzikoroga tambi zile kwa uma, nami nilimwonea huruma.

Ndipo bibi akaliachia buibui, akavuta sahani, akasema bismillahi, akala. Alikula mbele ya baba, kwa vidole, bila haraka, hadi akamaliza.

"Zimekosa tui," alisema, akimtazama usoni. "Huko kwenu nazi zapatikana?"

"Zapatikana, mama."

Mama akaanza kulia, nikadhani ni pilipili. Wiki iliyofuata bibi alihamia Ganjoni na mbuzi yake ya kukunia nazi, kwani mbuzi za huko hakuziamini.

Mpaka nilipoolewa, nikawa na wakwe wangu, ndipo nilipofahamu. Siku ile bibi aliuvunja mwiko wa maisha yake ili baba asibaki peke yake na aibu yake. Na kwa kuuvunja, naye pia hakubaki peke yake tena.